Ukuta Nyuma ya Pazia la Kodi

Shemeji yangu ni fundi rangi, na kwa miaka yote aliyokaa katika ua wetu chumba chake ndicho pekee kilichokuwa hakina rangi. Watu walimcheka. Mimi nilikuwa wa kwanza, maana ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna breki. Jina lake la mtaani ni Brashi. Amemwoa mdogo wangu wa mwisho, na alipokuja kuposa nilimwambia mdogo wangu waziwazi kwamba mwanamume anayenuka thina ya rangi kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili atampa kizunguzungu. Mdogo wangu akanijibu kwamba kizunguzungu tayari anacho. Nikashona gauni la harusi.

Brashi ni mtu wa maneno machache. Akiingia mahali, hata kama ni msibani, mkono wake hautulii mpaka uguse ukuta. Anabandika kiganja, ananyamaza kidogo, ndipo anakaa. Ukimuuliza anafanya nini, anakwambia anamsalimia mwenye nyumba. Kwa kiganja hicho anajua kama kuna maji yanayotembea ndani ya tofali, na kama rangi iliyopo itadumu au itabanduka kabla fundi hajalipwa. Amepaka majumba ya watu wenye uwezo, yenye bafu ambamo sisi tungeingiza vitanda viwili na cherehani. Akirudi anatusimulia bila wivu: wa leo walitaka rangi ya krimu, wameiona ukutani wamesema siyo krimu waliyoifikiria, imebidi apake upya. Tunacheka. Kisha anaingia chumbani kwake, kwenye kuta za kijivu, anavua ovaroli.

Nyumba yetu ni vyumba vilivyouzunguka ua. Bomba moja, choo kimoja, na kamba za kuanikia nguo ambazo zimegombanisha watu kuliko siasa. Mimi nashona sare za shule, na chumba changu kimepakana na chao. Ukuta ulio kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya, mdogo wangu ananiombea afya njema kutoka upande wa pili. Kwa hiyo najua yao yote, hata nisiyoyataka. Na nililolijua kuliko yote ni kikohozi cha mtoto.

Mtoto huyo ni binti yao wa pekee. Amepewa jina la marehemu mama yetu, ndiyo maana tunamwita Bibi Mdogo, naye mimi ananiita mama mkubwa. Alizaliwa mzima kabisa. Kifua kilianza baada ya kuhamia humu. Kitanda chake kiliegemea ukuta wa nyuma, na nje ya ukuta huo mfereji wa paa ulikuwa umekatika, mvua yote ya upande ule ikishukia hapo hapo. Ukuta ulitoka jasho hata jua likiwaka. Kuvu nyeusi ilitambaa kutoka sakafuni mpaka usawa wa mto wake. Akikohoa alijikunja, mabega yakimpanda masikioni, na akimaliza hana nguvu hata ya kulia. Wenzake walipokuwa wakiruka kamba uani, yeye alikaa kizingitini akiwahesabia. Roho iliniuma, nakwambia kweli, na mimi roho yangu haiumi ovyo.

Daktari wa zahanati alimwambia mdogo wangu kwamba dawa ni ya kutuliza tu, kinachomuumiza mtoto kiko nyumbani. "Mtafutieni mahali pakavu," akasema. Rahisi kusema. Mdogo wangu anafua mashuka hospitalini, anakwenda na kurudi kwa miguu. Brashi leo ana kazi, kesho hana. Wakiunganisha walichonacho, karibu nusu inakwenda kwenye kodi kabla hakijanunuliwa hata kibiriti. Kinachobaki ndicho chakula, daftari na viatu, dawa ya kifua. Mwezi kazi ya rangi ikiwa haba, inayoruka ni dawa, au ni kitoweo, maana kodi hairuki. Walishakaa vyumba viwili zamani. Kodi ikapanda, wakahamia kimoja. Ikapanda tena, wakaja kwetu. Kila walipohama skrubu za kitanda zilipotea njiani, mpaka kitanda cha watu wazima kikawa kimefungwa kwa kamba. Vyumba vikavu vilikuwapo, lakini si kwa mfuko wao, na vya mfuko wao vilikuwa mbali huko, ambako nauli ya mdogo wangu ingemaliza kile walichookoa. Walikuwa wamekwama, hawawezi kwenda mbele wala nyuma.

Sasa utaniuliza: fundi rangi mzima anashindwaje kuurekebisha ukuta mmoja? Hukai kwetu wewe, ndiyo maana unauliza. Mwenye nyumba wetu ni mama mtu mzima anayetembea na bunda la funguo kiunoni. Tunamwita Mama Funguo, na mlio wa funguo zile tunausikia kabla hajafika getini. Miaka ya nyuma nilichoka na vumbi la paa kuangukia sare nyeupe za watu, nikajibana, nikaweka dari ya mbao nyembamba. Mama Funguo akaja, akainua macho, akasema, "Hongera mwanangu, chumba kimependeza." Mwezi uliofuata kodi yangu ikapanda. Yaani dari nimenunua mwenyewe, halafu nikaanza kulipishwa kwa kuitazama. Kinyozi wa chumba cha mkabala alitandika zulia la plastiki, naye akapewa hongera. Tangu hapo ukitaka kugombana na mtu katika ua wetu, mwambie hongera.

Ndipo likazaliwa pazia la kodi. Watu wengine hufa na tai shingoni, sisi tulificha tai tukavaa matambara. Lilikuwa pazia kubwa la kahawia, lina tundu la pasi katikati, na mimi kwa ufundi wangu nililiongezea michaniko ya kutia huruma. Funguo zikilia, pazia linatolewa kufunika kitu chochote kizuri katika chumba cha kwanza. Mama Funguo akitoka humo, linapitishwa dirishani kwenda kinachofuata. Limefunika kochi la kinyozi, limefunika makabati, limefunika friji iliyokuwa inanguruma chini yake mpaka mwenyewe ikabidi ajifanye anakoroma. Tulicheka sana. Lakini kulikuwa na njama nyingine ambayo hatukuisema: hakuna anayerekebisha kitu. Plasta ikidondoka, iache. Mlango ukipinda, uinue kidogo ukiufunga.

Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamfokea Brashi. Nilimwambia anawapakia watu rangi nyumba ambamo yeye halali, na mwanawe analala na kuvu.

"Nikipaka, kodi inapanda tunahama, shemeji," alinijibu. "Na safari hii tunahamia pabaya zaidi ya hapa. Nisipopaka, anakohoa. Nichagulie wewe."

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikiwa na hasira na kila mtu.

Mwaka ule, mvua zilipokaribia, Brashi alikuja kuniomba pazia. "Niazime, shemeji. Nina makopo ya rangi sitaki yaingie vumbi." Nikampa bila kufikiri. Harufu ya rangi ilizidi upande wao, lakini mtu yule hunuka rangi hata siku ya mapumziko. Nilisikia kitu kikikwangua ukutani, nikadhani ni panya. Kikohozi nacho kikapungua. Nikaishukuru dawa.

Asubuhi moja nilikuwa nashona kola nikasikia funguo. Haikuwa mwisho wa mwezi. Nikachungulia dirishani, nikamwona Mama Funguo ameingia na mwanamume wa viatu vyeupe, anayakwepa maji ya bomba, anagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Wakaanza na upande wetu. Na mimi, kwa bahati yangu, wiki ile ile nilikuwa nimenunua cherehani ya umeme, ya mtumba lakini inameta, iko katikati ya chumba kama bibi harusi. Kinyozi akaja dirishani ananong'ona, "Dada, pazia liko wapi?" Pazia liko kwa shemeji. Nikatoka mbio.

Chumbani kwao Bibi Mdogo alikuwa peke yake kitandani, anachora. Mama yake alikuwa kazini, baba yake nyuma ya nyumba anaosha brashi zake. Pazia lilikuwa limepigiliwa misumari juu ya kitanda cha mtoto, limefunika ukuta wote wa nyuma. Kopo la rangi silioni hata moja.

"Mama mkubwa, baba amesema lisitolewe," mtoto akaniambia.

"Baba yako nitaongea naye. Sogea."

"Amesema hata wewe usijue. Amesema una mdomo."

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye cherehani. Nikalishika pazia kwa mikono miwili nikalivuta, misumari ikatawanyika sakafuni.

Kuvu haikuwapo. Ukuta ulikuwa umekwanguliwa, umezibwa, umelainishwa kwa msasa, na umepakwa mabaki ya makopo ya kila kazi aliyopata mwaka ule. Chini kijani cha zahanati. Katikati bluu ya shule. Juu krimu, nadhani ile iliyokataliwa na watu wa bafu kubwa. Na pale rangi zilipokutana alipitisha mstari ulionyooka kuliko mshono wangu wowote. Nimesimama mdomo wazi, pazia mikononi, nikasikia funguo zikilia nyuma yangu mlangoni.

Nilijua papo hapo nilichofanya. Nimewahamisha. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa amepata ukuta mkavu, na mimi nimemtoa hapo kwa ajili ya cherehani ya mtumba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nani amefanya hivi?" Mama Funguo akauliza.

"Mimi." Brashi alikuwa ameingia, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba ruhusa, mama. Mtoto alikuwa hapumui. Rangi ni mabaki ya kazini. Huko nje nimetega kipande cha bati, maji yasimwagikie ukutani. Sijabomoa kitu."

Yule wa viatu vyeupe akacheka kidogo. "Hivyo ni vipodozi tu, mama. Ndani imeoza yote, kama nilivyokwambia. Ndiyo maana bei yangu ni ile. Nikishanunua navunja, najenga maduka."

Hivyo ndivyo tulivyojua. Tulidhani wamekuja kupandisha kodi, kumbe tunauzwa na kuta zetu. Nilimtazama Brashi, nikingoja afoke. Lakini hakupiga kelele. Alisogea karibu na kitanda akasema, "Weka kiganja hapa, mama."

Mama Funguo akasita. Kisha akauweka mkono wake wenye pete kwenye ile bluu, akautelezesha mpaka chini, pale kuvu ilipokuwa inaanzia. Akaugeuza akautazama. Mkono ulikuwa mkavu.

"Mimi nimeambiwa matofali haya hayafai hata kufugia kuku," akasema.

"Matofali ni mazima, mama. Yanaloweshwa tu. Nyumba nzima, shida ni mfereji wa paa."

Mama Funguo alimtupia jicho yule mgeni, halafu akamgeukia tena Brashi. "Sasa kama umetengeneza kitu kizuri hivi, ulikifunika kwa nini?"

Brashi akanitazama. Basi hapo nikatoa ya moyoni, maana nilishaharibu, nini tena cha kuogopa. Nikamwambia: dari niliweka kwa jasho langu, ukanipandishia kodi. Kinyozi alitandika zulia, ukampandishia. Kila anayeinua kichwa unampa hongera, na hongera yako tunailipia kila mwezi. Huyu mtoto amekohoa hapa miaka, baba yake ana dawa mkononi, anaogopa kuitumia kwa sababu yako. Ndiyo maana tumefunika. Tungeweza kufunika na choo tungekifunika. Niliyasema yote kwa pumzi moja.

Mama Funguo alilichukua pazia mikononi mwangu, akalinyoosha, akapitisha kidole kwenye tundu la pasi. "Hili pazia nalijua," akasema taratibu. "Nimeliona kwa kinyozi. Nimeliona kwako. Nilidhani mlinunua jora zima."

Dirishani mtu akacheka, nadhani kinyozi. Mama Funguo akakaa kwenye kile kitanda cha kamba, kikalia, akainuka kidogo akakaa vizuri. Akatuambia kwamba yeye anaishi kwa mwanawe, katika chumba kilichokuwa stoo, na anachokula ni kodi yetu. Dari yangu ilimfanya aone hali yangu imenyooka, akasema naye apate ahueni. Baadaye kila akija anaona nyumba inazidi kuchakaa na watu wako ndani wanaitazama tu, akajua hatujali. Pesa ya kutengeneza hana. Akaona auze kabla haijaanguka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri kabisa, akaniharibia.

"Mama," Brashi akasema, "wewe nunua mfereji na saruji, hata kwa kidogo kidogo. Kazi nitafanya mimi, ukuta kwa ukuta, na wenzangu watanisaidia kubeba. Sitaki kulipwa. Ninachotaka kodi isipande."

"Isipande mpaka lini?"

Hapo Brashi akakwama. Mtu ambaye amezoea kuogopa mwezi ujao hajawahi kuulizwa kuhusu miaka. Nikamwokoa. "Mpaka huyu mtoto amalize shule ya msingi," nikasema.

"Yuko darasa la ngapi?"

"La pili," Bibi Mdogo akajibu mwenyewe kutoka kitandani.

Mama Funguo akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukajaa wote. "Nyinyi mnataka nife maskini."

"Na ni kwa vyumba vyote," nikaongeza. "Hata changu, pamoja na dari. Na hongera zako uwe unabaki nazo."

Alinitazama kwa muda, nikadhani nimevuka mpaka. Kisha akacheka mpaka funguo zikalia kiunoni. Yule wa viatu vyeupe akakohoa, akasema ana watu wengine wa kuonana nao, kwa hiyo mama aamue. "Nenda tu, baba," Mama Funguo akamwambia. "Nikitaka kufuga kuku nitakuita."

Mama Funguo naye sikumruhusu aondoke hivi hivi. Nilimpeleka uani, akaahidi mbele ya wapangaji wote kwamba kodi haipandi mpaka Bibi Mdogo amalize shule ya msingi, nikamwomba aseme tena kwa sauti kwa sababu kinyozi hasikii vizuri. Kinyozi anasikia vizuri sana. Mdogo wangu aliporudi kutoka kazini nilimweleza yote, na sehemu ya pazia nilimweleza haraka haraka. Alinishika mkono akalia, kisha akaniuliza kama ni kweli nilimsukuma mtoto. Nikamwambia nilimwambia asogee tu.

Sitakudanganya kwamba tulitajirika. Kodi bado inakula kabla yetu, na siku Brashi akikosa kazi wanajikaza kisabuni kama zamani. Mfereji wenyewe ulikuja vipande vipande, na Mama Funguo aliubania kila msumari. Lakini ulikuja. Mvua zilipoanza tulisimama sote milangoni kutazama maji yakipita juu yetu na kwenda kumwagika mtaroni, na Brashi akazunguka ua mzima anabandika kiganja ukuta mmoja mmoja, amelowa mwenyewe, anatabasamu peke yake. Pesa ya dawa ilianza kubaki. Ya kwanza ilinunua viatu vya shule. Ya pili, sikuamini nilipomwona, Brashi alirudi na mfuko mdogo wa skrubu. Akafungua kamba zote za kile kitanda, akakikaza, akakaa juu yake kukijaribu, hakikulia. Mdogo wangu akamuuliza kwa nini ahangaike na kitanda kizee. Akasema, "Kwani tunahama?"

Pazia nililikatakata. Sasa ni matambara ya kufutia brashi, kazi inayolifaa zaidi.

Juzi nilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza, na nje ya dirisha langu watoto wanaruka kamba, wanaimba, wanapiga makofi, mpaka nikakosea kola. Nikafungua dirisha kwa hasira niwafokee. Aliyekuwa katikati ya kamba alikuwa Bibi Mdogo. Anaruka na anaimba kwa wakati mmoja, na sauti yake ilikuwa juu kuliko ya wenzake wote. Akaniona, akasimama. Nikasubiri mabega yapande masikioni, kwa mazoea. Hayakupanda.

"Tunakusumbua, mama mkubwa?"

"Hapana," nikasema. "Endeleeni." Nikaliacha dirisha wazi, nikaifumua kola, nikaanza upya.